Kibali cha Nini? Mji Ni Wetu, Tuupige Picha

Leo naomba tuongee neno moja tu: kibali. Nchi hii ukitaka kujua kama unahesabiwa raia au mgeni, toa simu mfukoni, ielekeze kwenye ukuta wenye mchoro au kwenye daladala iliyosimama kituoni, halafu subiri. Muda si mrefu atatokea mtu. Si lazima awe polisi. Anaweza kuwa mlinzi, mgambo, mjumbe wa nyumba kumi, au mtu tu aliyevaa fulana ya rangi mnayoijua. Swali lake ni lile lile: una kibali?

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni, ili asiye na bando la kumaliza makala aondoke nao. Kupiga picha kitu kilicho wazi barabarani, mahali ambapo kila mpita njia anakiona, hakuhitaji kibali cha mtu. Ni haki. Na tukizoea kuomba ruhusa kwa jambo dogo kama mchoro wa saluni, wakati wa uchaguzi tutajikuta tunaomba ruhusa ya kupiga picha orodha ya wapiga kura iliyobandikwa ukutani. Hapo tutanyimwa, na tutanyamaza kwa sababu tulishazoea.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, kwetu Songea, na likizo hii nimezunguka mji na simu yangu. Natembea kwa miguu kutoka Mfaranyaki hadi Majengo, napanda bajaji hadi Lizaboni, siku nyingine nakaa kiti cha mbele kwenye Hiace ya Msamala ili nione vizuri kilichoandikwa njiani. Nimepiga saluni zenye vichwa vya kina dada waliosukwa, vilivyochorwa kwa mkono, shingo ndefu kama twiga. Bucha lenye ng'ombe anayetabasamu kana kwamba hajui kilichoko ndani. Kuta za shule ya msingi zenye ramani ya Tanzania upande huu na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula upande ule. Na nyuma ya daladala na bajaji, maneno. Kuna waliomwandikia Mungu, kuna waliomwandikia mama, kuna waliowaandikia wenye wivu, na kuna aliyemwandikia mtu mmoja tu ambaye abiria wote hatumjui, ila tunamhurumia.

Najua kuna kamanda anauliza: sasa hii ni siasa gani, dada? Katiba mpya haijapatikana, wewe unatuletea picha za bucha?

Tuanze na daladala yenyewe. Pale Dar es Salaam miaka ya 1970 usafiri wa umma ulikuwa wa shirika la serikali, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974. Mabasi yalikuwa machache, watu wengi. Wananchi wakaanza kujisafirisha kwa magari ya watu binafsi, yaliyoitwa thumni thumni kutokana na nauli yake. Yalikuwa haramu. Yalikamatwa, yalitozwa faini, na kesho yake yakarudi barabarani kwa sababu watu walipaswa kufika kazini. Mwaka 1983 serikali ikasalimu amri na kuruhusu magari binafsi kubeba abiria, na jina la daladala likatokana na dala, shilingi tano. Kwa hiyo usafiri tunaoupanda kila siku ulianza bila kibali. Kibali kilikuja baadaye, kikikimbia nyuma ya watu.

Na ukuta nao? Waulize Wazanzibari. Pale Mji Mkongwe kuna Jaws Corner, ambapo kwa miaka mingi wapinzani wamekunywa kahawa chini ya michoro na bendera zao. Upande wa pili ulikuwepo ubao wa maskani ya Kisonge, wa wenzetu wa chama tawala, uliosifika kwa maneno makali ya chaki. Kila mtu alijua kwamba anayetaka kupima joto la kisiasa la Unguja asisubiri gazeti, apite pale asome. Vuka mpaka uende Nairobi: mwaka 2012 mpiga picha na mwanaharakati Boniface Mwangi pamoja na wachoraji wa mtaani waliwachora wabunge kama tai, ndege wala mizoga, kwenye ukuta katikati ya jiji. Waliopita wakapiga picha kwa simu, na picha zikafika mahali ambapo ukuta usingeweza kutembea wenyewe. Dar es Salaam nako kundi la Wachata limechora grafiti kwenye kuta za jiji kwa miaka, na watu wengi wamezijua kazi zao kwa picha kuliko kwa kuziona ana kwa ana. Mvua, jua na rangi mpya haviachi mchoro udumu, kwa hiyo picha ndiyo kumbukumbu yake.

Sasa geukeni mtazame kuta za Songea leo. Nyumba nzuri iliyo barabarani ina rangi ya kampuni ya simu, nyekundu au buluu, kuanzia msingi hadi dirishani. Mwenye nyumba amepata rangi, kampuni imepata bango. Simlaumu, rangi ni ghali. Kijiwe cha bodaboda kina bendera ya kijani na maneno ya wakereketwa. Ubao wa mbao ulioandikwa na fundi kwa brashi unaondoka, mahali pake linakuja bango la plastiki lililochapwa kwa mashine, na fundi anabaki kuandika namba za vibanda. Nikizipanga picha zangu kwa mitaa, naona kitu ambacho ripoti ya halmashauri haitanionyesha: nani ana sauti ukutani na nani amefutwa. Tena nisiwe mnafiki kwa ajili ya chama, nimeona pia mabango yetu sisi yamebandikwa juu ya mchoro wa mtu. Hilo tuliache. Ukuta wa fundi si ubao wetu wa matangazo.

Kwenye usafiri vilevile. Gari la abiria linatakiwa lionekane ruti yake na nauli ijulikane, na nauli hupangwa na LATRA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Picha ya Hiace iliyojaza watu mpaka konda ananing'inia mlangoni ni ushahidi. Picha ya kibandiko cha nauli kilichochanika ni ushahidi. Picha ya wanafunzi waliosimama kituoni saa moja asubuhi huku magari yakiwapita kwa sababu nauli yao ni ndogo, hata kama umewapiga kwa nyuma bila nyuso, inasema kuliko malalamiko kumi. Picha ya abiria aliyeshushwa stendi ya Shule ya Tanga usiku, bado anatafuta bajaji ya kumfikisha mjini, nayo ina la kusema kuhusu waliopanga mji bila kumuuliza.

Sasa niwaeleze kilichonikuta, maana sitaki mdhani naongea nadharia za darasani. Kulikuwa na mchoro kwenye ukuta wa uzio, mama amebeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni, umechorwa vizuri sana, na mbele yake ndipo bajaji zinapopaki. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikapiga. Mlinzi wa ofisi jirani akavuka.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Unapiga nini hapo?"

"Mchoro, mzee. Na bajaji."

"Una kibali? Nani kakutuma?"

Nikamwambia sijatumwa, na ukuta uko barabarani. Nikamuuliza kwa heshima ni sheria gani inayokataza. Akanijibu kwamba wasomi ndio mnaoharibu nchi, akachukua simu mkononi mwangu na kuanza kupekua picha moja baada ya nyingine. Akakuta bendera ya chama chetu kwenye mkutano. Sura ikabadilika. "Kumbe ni wale wale." Vijana wa bajaji wakaanza kusogea, mmoja akasema, "Mzee, mrudishie dada simu yake, mchoro wenyewe sisi tunapigiana picha kila siku." Baada ya mabishano ya karibu saa nzima simu ikarudi, ikiwa imefutwa picha tatu. Jina lake alikataa kunipa. Ofisi yake siitaji hapa kwa sababu shida siyo mzee yule. Yeye anafanya alichofundishwa: kila anayetazama sana ana jambo.

Haya, tufungue Katiba. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kueleza fikra zake, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Hapo kwenye kutafuta ndipo simu yako inapoingia. Ibara ya 13(6)(c) inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa chini ya sheria alipokitenda. Maana yake, anayekuzuia ndiye mwenye mzigo wa kutaja kosa. Wewe huna mzigo wa kutaja ruhusa. Ibara ya 15 inasema mtu hakamatwi wala kuwekwa kizuizini ila kwa mujibu wa sheria. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekukamata akwambie sababu, na afisa anayechukua mali yako katika upekuzi akupe hati ya kuipokea. Mlinzi wa getini si afisa huyo. Hana mamlaka ya kupekua simu yako, achilia mbali kufuta kilichomo.

Mipaka ipo, na mwanasheria asiyeitaja anawapeleka watu mahabusu. Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Ipo sheria ya maeneo yanayolindwa ya mwaka 1969 na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Kwa hiyo kambi ya jeshi, uwanja wa ndege, kituo cha polisi, gereza: weka simu mfukoni, usijaribu ushujaa. Ila eneo linalolindwa ni lile lililotangazwa hivyo kisheria. Saluni ya Bombambili haikutangazwa na waziri yeyote. Kituo cha daladala si kambi.

Mpaka wa pili ni watu wenyewe, na huu kwangu ni mzito zaidi kuliko ule wa serikali. Ibara ya 16 inalinda faragha, na tangu Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika. Mama anayeuza ndizi kituoni si pambo la picha yako. Mwombe. Akikataa, shukuru uende. Mtoto usimpige uso ukamrusha mtandaoni. Abiria aliyelala amechoka, mwache alale. Tukimdai mlinzi atuheshimu halafu sisi tunamgeuza mwananchi maskini kuwa maudhui, tofauti yetu na wao ni ipi? Na fundi aliyechora ana hakimiliki ya kazi yake kwa sheria ya mwaka 1999. Muulize jina, liandike chini ya picha, na kama unataka kuiuza au kuitumia kwenye fulana za chama, kaeni mpatane bei. Mafundi niliozungumza nao walifurahi kuliko nilivyotegemea. Mmoja aliniambia ameandika mbao mji huu miaka mingi na hakuna aliyewahi kumuuliza anaitwa nani.

Kwa nini nalipa uzito huu wote? Kwa sababu sisi tunaishi kwenye mji uliobeba jina la mtu aliyenyongwa. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kila Februari 27 tunakusanyika Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka yeye na wenzake. Tafuteni picha za vita vile. Mateka wenye minyororo shingoni, askari wamesimama pembeni, na aliyeshika kamera yuko upande wa wenye bunduki. Babu zetu hawakuacha hata picha moja ya jinsi wao walivyomwona Mjerumani. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa hapa Songea kuomba msamaha, miaka zaidi ya mia moja baadaye, na kamera za dunia zikaja naye. Ni jambo jema. Lakini mimi nilijiuliza, je, baada ya miaka mia, wajukuu wetu watatuona kwa picha alizopiga nani? Za ofisi ya habari ya mkoa peke yake?

Jibu letu halipaswi kusubiri. Mnakumbuka Agosti 2024, vijana walipokuwa safarini kwenda Mbeya kwa Siku ya Vijana Duniani wakakamatwa kwa mamia. Viongozi wetu wakakamatwa. Barabara zile zile, mabasi yale yale tunayopanda kila likizo. Siku kama ile, mtu mwenye simu aliyesimama stendi ni shahidi. Ila shahidi haandaliwi siku ya tukio. Anaandaliwa kwa mazoea, na mazoea yanajengwa siku za kawaida, mbele ya bucha na saluni, wakati hakuna gari la maji ya kuwasha. Aliyezoea kuficha simu mbele ya mlinzi hataitoa mbele ya kikosi.

Na Novemba 27, 2024 ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwaka 2019 wagombea wetu walienguliwa kwa wingi, tukajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Tulilalamika sana. Ushahidi wa picha tuliokuwa nao mkononi ulikuwa mdogo kuliko malalamiko. Ofisi za mitaa zina kuta pia. Orodha ya wapiga kura inabandikwa pale. Matangazo ya uteuzi yanabandikwa pale. Mapato na matumizi ya mtaa yanatakiwa yafikie wananchi, na ubao ukiwa mtupu, ubao mtupu nao una picha yake.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo ambayo kila tawi la vijana linaweza kuyaanza wiki hii bila kusubiri fedha kutoka makao makuu. Nendeni wawili wawili, hasa kina dada, msiende peke yenu. Pigeni mtaa wenu wote: kuta, vituo, magari, mbao za matangazo. Kila picha iwe na tarehe, mtaa, na jina la fundi kama ni mchoro. Hifadhini nakala sehemu ya pili siku hiyo hiyo, maana simu inaweza kupotea, na inaweza kupotezwa. Mkizuiwa, salimieni kwanza, ulizeni sheria gani, ombeni jina, msigombane. Kisha andikeni yaliyotokea usiku huo huo wakati mnakumbuka: saa, mahali, maneno yaliyosemwa, mashahidi.

Hilo la mwisho msilidharau. Kwa marekebisho ya mwaka 2020, aliyekwenda Mahakama Kuu kudai haki ya kikatiba alitakiwa aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Walitubana ili mtu asisimame kwa niaba ya umma. Sawa. Basi kila mmoja wetu aandike la kwake. Kumbukumbu ishirini za vijana ishirini walionyang'anywa simu mbele ya ukuta wa saluni si hadithi za kijiweni tena, ni jalada.

Kwa wagombea wetu wa uenyeviti wa mitaa nina ombi moja, nalitaka kwa maandishi kabla ya kura. Mkishinda, bandikeni kwenye ubao wa mtaa tangazo la mistari miwili: kwamba mwananchi yuko huru kupiga picha ubao huu na mtaa huu, na kwamba mlinzi au mgambo atakayemzuia ataulizwa. Halifanyi kazi ya Katiba, Katiba ilishasema. Linamkumbusha mzee wa getini kwamba yule binti wa ng'ambo ya barabara si adui.

Chajini simu. Picha za matawi ya Songea Mjini nitazipokea na kuzipanga kwa mitaa. Tuanze na ubao wa mtaa wako.